Vinavyozidishana: hesabu ya ndege ya injini moja

Lita 17 na nusu. Hayo ndiyo mafuta yanayotakiwa yawe yamebaki ndani ya ndege ndogo ya mafunzo inapotua mchana, ikiwa injini yake inakunywa lita 35 kwa saa na rubani ameheshimu akiba ya dakika 30. Bidoni la njano ambalo mtoto wa Lubondja hujitwika kichwani akitoka kuchota maji hubeba lita 20. Akiba ya uhai wa watu wanne haijazi bidoni hilo.

Nimeanza na bidoni kwa sababu hapa Fizi, mashariki ya Kongo, tunalijua kwa uzito wake shingoni. Kuhusu ndege tunajua machache, ingawa tunazihitaji sana. Kutoka Baraka ukaliacha Ziwa Tanganyika nyuma kwenda Lubondja, anayeamua safari ni tope. Mvua ikikata barabara, mgonjwa, dawa na barua hutazama juu. Na kinachopita juu mara nyingi kina injini moja tu. Mama anayepanda kwa mara ya kwanza huuliza, “Hii ikizimika?” Ni swali zuri, na linastahili jibu lenye tarakimu.

Ndege ya kupimia hapa ni Cessna 172. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1955, na tangu hapo zimeundwa zaidi ya 44,000. Hakuna ndege nyingine duniani iliyoundwa kwa wingi huo. Ina viti 4, mabawa yamekaa juu ya paa, injini iko puani. Kwenye uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, huzunguka na wanafunzi tangu asubuhi. Ukitoka huku kwetu kutafuta urubani jirani, utaenda huko Wilson, au Soroti nchini Uganda, ambako chuo cha Afrika Mashariki kilianza mwaka 1971. Leseni ya binafsi inadai saa 40 za kuruka. Ya biashara, kwa njia ya kawaida, saa 200. Halafu kijana aliyesomea huko na kuzoea kutua kwenye lami ndiye siku moja atakayeletwa mashariki ya Kongo kutua kwenye majani.

Takwimu zilizo kamili zaidi ni za Marekani, ambako kila ajali huandikwa na kuchunguzwa. Huko, katika ajali za ndege ndogo, karibu robo tatu chanzo ni rubani: uamuzi wake, mkono wake, au jambo aliloliruka kabla ya kuwasha. Injini na vyuma huja nyuma sana. Kwa wanafunzi, ajali nyingi ni za kutua: ndege inadunda, inachepuka, gurudumu la mbele linavunjika. Hizo hukunja bati na kwa nadra huua. Zinazoua zaidi ni zile za kupoteza udhibiti hewani, pale bawa linapoacha kubeba.

Hapo pana hesabu ambayo kila mwanafunzi hukaririshwa, na bado inazika watu. Bawa la Cessna 172 ya modeli ya S, ndege ikiwa sawasawa na mabawa yasipofunguliwa vibao vyake vya nyuma, huacha kubeba kasi ikishuka hadi noti 48, karibu kilomita 89 kwa saa. Ukiilaza ndege ubavu nyuzi 45, mpaka huo unapanda hadi noti 57. Ukiilaza nyuzi 60, unafika noti 68. Sasa angalia: injini ikizimika, kasi bora ya ndege hiyo kuelea hadi chini ni noti 68. Maana yake, rubani ambaye injini imemzimikia, akiwa kwenye kasi aliyofundishwa kabisa, akageuka kwa nguvu nyuzi 60 bila kushusha pua ili arudi kiwanjani, anakuwa amesimama juu ya mpaka wenyewe. Hakuna aliyebadilisha kasi. Ni mpaka uliomfuata.

Ndiyo maana walimu hurudia hadi sauti ikauke: injini ikizimika baada ya kupaa, nenda mbele, usirudi. Chukua kimo cha mita 150. Ndege hiyo isiyo na injini hushuka kama mita 3.6 kila sekunde, kwa hiyo una sekunde 42. Ondoa 4 za mshtuko, kwani mwili wa binadamu huzichukua upende usipende. Zimebaki 38. Kugeuka hadi uutazame tena ukanda ulioondokea kunakula zaidi ya nusu duara, kwa sababu ukigeuka tu unakuwa umeshahama pembeni. Kwenda mbele, hata kwenye shamba la mihogo, unafika chini kwa kasi unayoijua na mabawa yakiwa sawa. Kuvunja magurudumu kwenye matuta ya mihogo ni hasara ya mali. Kuingia ardhini kwa ubavu, bawa likiwa limeachia, hakuna anayetoka kusimulia.

Hayo ni ya hewani. Lakini yaliyo mengi huamuliwa chini, na hapa Fizi ina neno la kuongeza ambalo kitabu cha ndege hakilitaji kwa jina.

Kitabu kinasema hivi: kwenye usawa wa bahari, nyuzijoto 15, lami kavu, hakuna upepo, Cessna 172 iliyojaa inahitaji mita 497 kutoka pale breki zinapoachiwa hadi kuruka juu ya kizuizi cha mita 15, tuseme mchikichi. Mamlaka ya usafiri wa anga ya Uingereza imewapa marubani wa ndege ndogo vizidisho vya kufanyia kazi. Kila futi 1,000 za kimo, yaani kama mita 300, zidisha kwa 1.1. Kila nyuzi 10 za joto zaidi ya kawaida ya kimo hicho, 1.1. Majani makavu, 1.2. Majani yenye maji, 1.3. Uzito ukizidi kwa asilimia 10, 1.2. Ukimaliza, zidisha kwa 1.33, ili kufidia injini iliyochoka na rubani ambaye siye yule aliyejaribu ndege kiwandani.

Tuanze ufukweni, upande wa Baraka. Ziwa Tanganyika liko mita 773 juu ya usawa wa bahari, hivyo kizidisho cha kimo ni 1.27, na mita 497 zinakuwa 631. Kawaida ya joto kwa kimo hicho ni nyuzi 10; saa nane mchana tuna 30, nyuzi 20 zaidi, kizidisho 1.21, mita 764. Majani makavu: 917. Ukiweka kinga ya mwisho, 1,220. Ndege ile ile, rubani yule yule, na hatujapanda mlima wowote.

Sasa panda nyanda za juu, kule Minembwe, ambako ardhi inapita mita 2,000. Kizidisho cha kimo peke yake ni 1.87. Mita 497 zinakuwa 929. Joto la nyuzi 22, ambalo mtu wa ziwani angeliita baridi, kwa kimo hicho ni nyuzi 20 zaidi ya kawaida: 1,124. Majani makavu: 1,349. Pamoja na kinga: 1,794.

Nakusihi usimame kidogo kwenye 1,349. Mtu akijumlisha kwa kichwa, kama tunavyofanya sokoni, atasema: asilimia 87 za kimo, 21 za joto, 20 za majani, jumla 128, kwa hiyo mita 1,133. Anakosea kwa mita 216. Kimo hakikai kando ya joto, na joto halikai kando ya majani. Kila kimoja kinakua juu ya mgongo wa kilichotangulia. Hili ndilo ningependa kila anayepanda ndege ndogo alijue kuliko jingine lolote: madhara hayajumlishwi, yanazidishana. Wataalamu wanapochunguza ajali mara nyingi hawakuti kosa moja kubwa. Wanakuta joto kidogo, kimo kidogo, umande kidogo, mzigo kidogo, na haraka. Kila kimoja peke yake kingevumilika.

Mzigo kwa kweli si kidogo. Cessna hiyo iliyojaa haitakiwi kuvuka kilo 1,157. Yenyewe tupu, bila mafuta wala mtu, ni kama kilo 767. Zinabaki 390. Jaza matangi, lita 201, na kwa kuwa lita moja ya mafuta hayo ina gramu 720, umeongeza kilo 145. Zinabaki 245. Watu watatu wa kilo 80 wamezimaliza, na kilo 5 za mkoba. Ndege ina viti 4, lakini ikijaa mafuta hubeba watu 3. Kiti cha nne kiko pale kwa safari fupi, na ndicho chanzo cha ugomvi mwingi kando ya viwanja vyetu. Abiria aliyelipa haelewi kwa nini gunia lake la ndagala linashushwa. “Ni moja tu, baba!” Magunia mawili na nusu ya kilo 50 yanatosha kuzidisha uzito kwa zaidi ya asilimia 10. Zidisha zile 1,349 za nyanda za juu kwa 1.2, upate 1,619 kabla ya kinga. Magunia hayo hayakuongeza uzito wake tu. Yamekula mita 270 za ardhi.

Tena mahali pa kuyaweka ni jambo jingine. Mzigo ukirudi nyuma mno, mkia unazama na pua haitaki kushuka, na bawa likiachia ni vigumu kulirejesha. Agosti 25, 2010, ndege ya Filair, Let 410 ya injini mbili, ilianguka Bandundu ikaua watu 20. Aliyenusurika alikuwa mmoja, na simulizi yake ilizunguka dunia: mamba aliyefichwa kwenye mfuko alitoka, abiria wakakimbilia mbele wote kwa pamoja. Watu waliicheka habari ile. Mimi siwezi. Ndani ya bomba jembamba la bati, watu wanaosogea hatua tano ni mzani unaopinduka.

Turudi kwenye mafuta. Bodi ya uchunguzi wa ajali ya Marekani ilihesabu kati ya mwaka 2011 na 2015: ndege ndogo zaidi ya 50 kila mwaka zilianguka kwa sababu ya mafuta, na katika asilimia 95 ya ajali hizo rubani alihusika. Kisa cha kawaida kabisa ni mafuta kwisha, na hiyo ni asilimia 56. Katika asilimia 35 nyingine mafuta yalikuwemo ndani ya ndege ila hayakufika kwenye injini, kwa mfano rubani aliposahau kubadili tangi. Hiyo ndiyo nchi yenye viwanja vya lami kila upande na mafuta kila kiwanja. Kwetu mafuta hufika kwenye pipa, na pipa hulala nje.

Mtazame mwanafunzi alfajiri chini ya bawa. Mkononi ana kikombe cha plastiki angavu chenye msumari katikati. Anakisukuma kwenye tundu la chini ya tangi, mafuta yanatiririka ndani, anakiinua kuelekea mwanga. Mafuta ya ndege za pistoni hutiwa rangi ya buluu ili yasichanganywe na mengine. Yakiwa meupe kabisa, huenda kilichomo ni maji matupu, au mafuta ya ndege za jeti. Yakiwa buluu na chini yake kuna tone linalotembea kama jicho la samaki, hilo ni maji yaliyozama, na anamwaga na kuchukua tena hadi jicho lipotee. Cessna 172 za karibuni zina matundu 13 ya namna hiyo. Mara 13 kuchuchumaa, mara 13 kuinua kikombe. Kwa mwendo wa polepole ni kama dakika 10, na kikombe chenyewe ni kitu cha bei ndogo kuliko vyote utakavyokuta kwenye kiwanja cha ndege. Halafu apande juu ya bawa na kuchovya kijiti chenye alama ndani ya tangi, kwa sababu mishale ya dashibodi ya ndege hizi haiaminiki.

Kuna maji mengine yasiyoonekana kwenye kikombe. Modeli za zamani zenye kabureta, ambazo bado zinafundishia, huweza kuganda barafu kooni katika joto letu hili hili. Mafuta yanapogeuka mvuke hunyonya joto, na hewa ndani ya kabureta inaweza kushuka nyuzi zaidi ya 30. Nje kukiwa na nyuzi 30 na unyevu wa ziwa, ndani kunaganda. Injini inaanza kukohoa, mizunguko inapungua taratibu, na mwanafunzi anaongeza mafuta badala ya kuvuta kile kitasa cha hewa ya moto. Barafu kando ya Tanganyika! Ukimweleza mvuvi wa Baraka atadhani unamtania, na mpelelezi atakayekuja baada ya saa mbili atakuta imeshayeyuka.

Mawingu nayo yana hesabu yake. Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois kiliwachukua marubani 20 wasiofunzwa kuruka kwa kutegemea vyombo peke yake, kikawaondolea uwezo wa kuona nje kama walioingia mawinguni. Wote 20 walipoteza udhibiti. Wa kwanza ilimchukua sekunde 20, wa mwisho 480, na wastani ulikuwa 178, dakika tatu kasoro sekunde mbili. Masikio yanakuambia umenyooka ilhali ndege imeshaanza kujiviringa kushuka. Sasa weka milima. Cessna iliyojaa ikianza kupanda kutoka usawa wa ziwa inahitaji zaidi ya robo saa kufika mita 3,000, na wakati huo imeshasonga zaidi ya kilomita 35. Vilele vya Itombwe vinapita kimo hicho, na ukungu huvikalia kwa siku nyingi za mwaka. Septemba 1, 2008, ndege ya misaada iliyokodiwa na Air Serv ilipiga mlima Kahuzi katika hali mbaya ya hewa, ikikaribia Bukavu. Watu 17 walikufa. Ile ilikuwa na injini mbili na marubani wawili. Mwanafunzi wa saa 40 ana moja, na macho yake.

Macho nayo yana mpaka. Machi 5, 2024, Cessna 172 iliyokuwa na mwalimu na mwanafunzi iligongana na Dash 8 ya Safarilink iliyokuwa imetoka Wilson kuelekea Diani na watu 44. Dash 8 ilirudi na kutua. Wawili wa Cessna waliangukia Hifadhi ya Taifa ya Nairobi na kufa. Hesabu ya macho ni hii: ndege mbili zinazoelekeana, moja kwa kilomita 185 kwa saa na nyingine 222, zinakaribiana mita 113 kila sekunde. Kuona, kutambua, kuamua na kuisogeza ndege, mtu huhitaji sekunde 12 na nusu. Kwa hiyo unatakiwa uwe umeiona ikiwa mita 1,400 mbele. Mabawa ya Cessna yana upana wa mita 11, na kwa umbali huo ni sawa na punje ya mahindi iliyoshikwa mita moja mbele ya uso, ikiwa haisogei kwenye kioo, maana ndege inayokuja kugongana nawe huonekana imesimama. Januari 10 mwaka uliofuata, ndege nyingine ya mafunzo iliangukia barabarani Malindi. Walionusurika ni waliokuwa ndani, na waliokufa ni watu watatu waliokuwa chini, kwenye shughuli zao.

Na gharama? Saa 200 za leseni ya biashara mara lita 35 ni lita 7,000, yaani mabidoni 350 ya njano. Tuseme lita ni dola 3 kwa mfano: dola 21,000 za mafuta peke yake, kabla ya mwalimu, bima na karakana. Injini hufunguliwa na kufanywa upya ikitimiza saa 2,000, kwa hiyo injini moja hulea marubani 10 ikitunzwa. Familia iliyouza ng’ombe au kiwanja ili kijana asome huhesabu kila dakika angani, na kijana anajua wanahesabu. Hapo ndipo fedha inapoingia kwenye usukani. Anakuja kutua, kasi imezidi kwa asilimia 10, na umbali wa kutua unaongezeka kwa asilimia 20. Ndege inadunda. Dawa ni kuongeza nguvu, kupaa upya na kuzunguka: dakika 6, lita 3 na nusu, kama dola 10. Badala yake anailazimisha chini ili asipoteze hizo dola 10. Pangaboi likigusa ardhi injini ikiwa inazunguka, mtengenezaji anadai ifunguliwe yote ikaguliwe hata kama inaonekana nzima. Wanafunzi waliopangwa nyuma yake husubiri wiki kwa wiki. Mwalimu anayemsifu mwanafunzi kwa kupaa upya, mbele ya wenzake, anaokoa zaidi kuliko fundi yeyote wa karakana.

Nimebakiza swali la saa ya kuondoka, ambalo watu wa vijijini hudhani wanalijua: safiri alfajiri, kuna ubaridi. Nyanda za juu, nyuzi 12 badala ya 22 zinashusha kizidisho cha joto kutoka 1.21 hadi 1.1. Kwa majani makavu ungehitaji mita 1,226 badala ya 1,349. Lakini alfajiri majani hayajakauka. Umande unakupa 1.3 badala ya 1.2, na hesabu inarudi 1,328. Ubaridi umekupa mita 123, umande umekunyang’anya 102. Saa bora ni katikati: saa mbili na nusu, saa tatu, majani yakiwa yamekauka na jua halijakaza.

Rubani mzoefu wa viwanja vya namna hii hutumia subira hiyo kutembea. Anaanzia kwenye jiwe la mwisho upande huu, anahesabu hatua, anabonyeza udongo kwa kisigino, anatazama kama ng’ombe walilala hapo usiku na kuacha mashimo. Hatua ya mtu mzima ni kama sentimita 75. Mita 1,200 ni hatua 1,600. Abiria wanamwangalia kutoka kivulini, mzigo miguuni, mmoja anauliza huyu anatafuta nini. Anarudi viatu vimelowa hadi kwenye vifundo, anatoa daftari, anaandika 1.3, na kuwaomba wasubiri nusu saa nyingine.